Mstari Nilioukata kwa Rula

Vijana wangu wa idara ya mafunzo, siku ya keki ya kuniaga mliniomba niwaachie jedwali langu la bajeti ya kufungulia matawi. Nimewatumia. Lina mistari kumi na minane, na mkilijaza sawasawa halitawadanganya sana. Lakini jedwali ni kama sufuria: linapokea chochote unachotia, na halisemi kama chumvi imezidi. Ndiyo maana nimekaa hapa Al Muraqqabat, mizigo imefungwa nusu, nikaona niwaandikie na yale ambayo hayakupata safu. Vyeo na mishahara nimeviacha. Vyeo mnavijua, na mshahara nikiutaja mtacheka.

Nilifika Dubai nikitokea Nyamira, katika umri ambao wenzangu walikuwa tayari wanaitwa mama fulani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika mkahawa wa kuku wa kukaanga, hapa hapa Al Muraqqabat, mwendo wa dakika chache kutoka chumba tulichokaa wanawake wanane. Mafunzo yangu yalichukua muda wa kunywa chai. Msimamizi alinionyesha msichana aliyesimama kwenye mashine ya kukaangia akasema, "Mwangalie huyo." Nikamwangalia. Naye alikuwa amefika wiki ile ile, na aliyemfundisha alikuwa ameshaacha kazi. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeungua mkono wa kulia, na kabla ya jioni nilikuwa namfundisha mtu.

Hivyo ndivyo alivyonikuta Bwana Mhina. Alikuwa Mtanzania wa Korogwe, mkufunzi wa kampuni kwa miaka mingi, mtu mwembamba asiyecheka mbele ya chakula. Alipita kukagua, akaniona na bandeji yangu namwelekeza mgeni mahali asipopaswa kuweka mkono. Akasimama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba ninafundisha kwa makovu, ambayo ni njia nzuri ila inamaliza ngozi, na kama nitapenda angenifundisha kufundisha kwa saa. Alikuwa na saa ya kupimia dakika iliyoning'inia shingoni, na kipimajoto cha kudungwa kwenye nyama alichokichomeka mfukoni mwa shati pale wengine wanapoweka kalamu. Vyote viwili alinirithisha alipostaafu. Saa bado inafanya kazi. Kipimajoto kilianza kusema uongo, nikakizika kwenye droo.

Kwa wale walioingia juzi, kazi yetu iko hivi. Mikahawa mingi yenye jina letu si yetu. Mtu mwenye fedha zake anakodi jina, mapishi na rangi, anafungua tawi, na sisi tunamfundishia watu wake kabla mlango haujafunguliwa. Gharama ya mafunzo ni yake. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu viti anaviona, taa anaziona, mashine anaziona na anazipangusa kwa kidole, lakini ujuzi ulioingia kichwani mwa mtu hauna mahali pa kubandika risiti. Kwa hiyo kila mwenye tawi akitaka kupunguza gharama, macho yake huenda moja kwa moja kwenye ukurasa wetu.

Mhina alinifundisha kuuandika ukurasa huo ili usikatike ovyo. Ukitaka wapishi kumi, alisema, fundisha kumi na wawili, maana mmoja atapata kazi hotelini na mwingine atagundua kuwa hapendi kuku. Weka siku za cheti cha usafi wa chakula na siku za kurudia mtihani wake, kwa sababu wapo watu hodari wanaoogopa karatasi kuliko moto. Hesabu mafuta ya mazoezi mara mbili ya unavyofikiri. Na tarehe ya kufungua usiiamini hata kidogo. Alisema kuna inshallah ya ndiyo na kuna inshallah ya tutaona, na tarehe zote za kufungua matawi ni za aina ya pili. Kibali kimoja kikichelewa, watu wako wameshashuka kwenye ndege, wanalala, wanaamka, na wanahitaji kula.

Jambo moja tu la Mhina lilinishinda kumeza. Kuku wa mazoezi haliwi. Anapakwa unga, anakaangwa, anapimwa joto, anaonjwa na mkufunzi kipande cha ukubwa wa ukucha, kisha anawekwa kwenye mfuko, mfuko unapimwa uzito, anamwagiwa sabuni ya vyombo na kutupwa. Sabuni ni ya kuhakikisha. Kampuni haitaki mtu augue kwa kuku aliyekaangwa na mwanafunzi, wala haitaki mwanafunzi akaange vizuri zaidi siku ambazo ana hamu. Nilipomuuliza Mhina kama yeye haoni vibaya, alinijibu kwamba kuku wa mafunzo ni chaki, na mwalimu hali chaki. Nilizaliwa katika nyumba ambayo punje ya wimbi ikianguka inaokotwa. Lakini nilizoea. Mtu huzoea, na mimi nilizoea haraka kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Tawi la kwanza nililoachiwa peke yangu lilikuwa Silicon Oasis, chini ya jengo la vyumba vya watu wa kompyuta, ambao hula saa yoyote na hawajibu salamu. Niliandika siku kumi na mbili za mafunzo na zikatosha kabisa, kwa mujibu wa majibu ya wanafunzi. Kila somo lilipoisha niliuliza kama wameelewa, nao wakajibu kwa sauti moja, "Yes, madam." Siku ya kufungua ikaonekana kwamba hakuna aliyejua kuzima mashine. Nilipowahoji, kijana mmoja wa Kitale akanieleza kwa upole kwamba wangewezaje kuniambia hawajaelewa, na nilikuwa nimefundisha kwa bidii vile. Kwao, na kwetu pia nikikumbuka vizuri, kumwambia mwalimu hujaelewa ni kumwambia kazi yake mbaya. Tangu siku hiyo sikuuliza tena kama wameelewa. Husema, "Nionyeshe." Ule mstari wa sita kwenye jedwali, unaosema siku mbili za kuonyesha, ndio huo. Msiuondoe.

Sasa nifike Jumeirah Village Circle, au JVC kama tunavyoiita, ambako sikufanya vizuri.

Mwenye tawi alikuwa Bi Zuwena, mama wa hapa hapa Dubai ambaye wazee wake walitoka Unguja, na nyumbani kwao Kiswahili hakijawahi kufa. Kwenye mikutano alizungumza Kiingereza na Kiarabu. Akikasirika au akifurahi sana alirudi kwenye Kiunguja chake, kitamu mpaka unasahau kwamba unakaripiwa. Alikuwa amemaliza kulipia dari. Ilikuwa dari nzuri. Alinikalisha chini yake akaniambia bajeti ya mafunzo imemshinda, nipunguze sehemu moja kati ya sita, mahali ninapoona mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye fundi.

Nilikwenda ofisini nikapigana na ukurasa wangu. Nilichokuwa nalinda ni siku. Mwenye tawi akikata siku, watu wanaungua, nami kovu langu bado ninalo. Basi nikazilinda siku zote kumi na nne, nikatafuta kwingine. Nikafika kwenye mstari wa chakula cha mchana cha wanafunzi, watu kumi na wawili. Nikajiambia kwamba mtu mzima hafi kwa kukosa mchana wiki mbili. Nikajiambia kwamba nilipofika mimi nilikosa zaidi. Nikachukua rula, nikaukata mstari ule kwa wino mwekundu, nikatia sahihi yangu pembeni. Bi Zuwena aliangalia jumla ya chini tu, akashukuru. Nilitoka pale nikijisifu kwa kuokoa mafunzo.

Wanafunzi wakashuka. Walikuwa Wakenya na Waganda, wakalazwa Al Muraqqabat. Basi liliwachukua alfajiri na kuwarudisha magharibi, na kule JVC hakuna kibanda cha chapati. Kuna mikahawa yenye mimea kwenye madirisha. Aliyekuwa na akiba alinunua maandazi kwa siku chache, na mshahara wa kwanza ulikuwa bado mbali. Kisha kibali cha gesi kikachelewa. Siku kumi na nne zikawa ishirini, zikawa ishirini na sita, na Mhina alikuwa ameshastaafu, hivyo hakuwepo wa kuniangalia kwa jicho lake la ukaguzi.

Mpishi bora wa kundi lile alikuwa Hamida, Mganda wa Masaka, Mwislamu, msichana wa maneno machache. Kwao alikuwa fundi wa kushona, na aliuza cherehani yake ili apate kufika. Mikono yake ilipaka unga kama inavyokunja pindo, bila kupoteza hata punje. Ila ikifika saa nane mchana ilianza kutetemeka. Hata wengine walikuwa hivyo. Walifanya kosa walilokwisha kuliacha asubuhi, walisimama wakishika meza. Mimi nikaliona hilo, kwa kuwa kazi yangu ni kuona. Nikaandika kwenye ripoti: umakini hupungua mchana, nashauri mazoezi yaongezwe. Ripoti hiyo bado ipo kwenye faili. Mtu akitaka kujua mkufunzi mwenye uzoefu anaweza kuwa mjinga kiasi gani, aiombe.

Mazoezi yakaongezwa, maana yake kuku wakaongezwa, na mifuko ya kutupa ikawa mizito. Hamida ndiye aliyekuwa na zamu ya mifuko. Uzito ulikuwa sawa kila siku na sabuni ilikuwa inamwagwa. Nilisimama pale nikaona kwa macho yangu. Wiki ya nne ndipo meneja wa tawi, kijana wa Nakuru aitwaye Kiprono, alipokuwa anaijaribu kamera mpya ya mlango wa nyuma, akamwona. Hamida alikuwa anatia mfuko safi ndani ya mfuko wa taka. Kuku walikuwa wanaingia kwenye ule safi, unafungwa, na sabuni yote inamwagika katikati ya mifuko miwili. Huko nyuma alifungua, akatoa mfuko wa ndani, akaufuta kwa kitambaa, akautia kwenye begi lake.

Asubuhi tuliitwa chini ya ile dari: Bi Zuwena, Kiprono, mimi na Hamida. Wenzake kumi na mmoja walisimama jikoni nyuma ya kioo. Kiprono hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kitabu cha sheria, na kitabu kilikuwa wazi: chakula cha mazoezi kikichukuliwa ni wizi, na aliye kwenye majaribio anakatiwa tiketi ya kurudi kwao.

"Madam, hii ni theft straight," alimwambia Bi Zuwena. "Tukiiacha, kila mtu atabeba."

Bi Zuwena alimuuliza Hamida kama alikuwa peke yake. Akasema peke yake. Ilikuwa ni mifuko ya kilo tano tano, kila siku, na msichana mwenyewe hakuwa amenenepa. Sote wanne tulijua kwamba ni uongo. Alipoulizwa kwa nini, alimgeukia Bi Zuwena.

"Madam, kwetu chakula hakiwekewi sabuni," akasema. "Nilijaribu siku ya kwanza. Mkono ulikataa."

Bi Zuwena akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Bi Moraa, wewe ndio mwalimu wao. Kuna lolote mie sijui?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa nimebakiza miaka michache tu nistaafu vizuri, na nilikuwa na jina. Nikajibu kwamba utaratibu wanaujua, nimewafundisha mwenyewe. Kila neno lilikuwa kweli. Hamida aliniangalia mara moja, akaangalia chini. Kiprono akaambiwa aandike barua ya kumwondoa, itiwe sahihi jioni. Nimeona aibu mara nyingi maishani, lakini ile niliiona ikiwa na sauti yangu mwenyewe.

Barua ya namna hiyo huambatana na fomu, na fomu hujazwa na mkufunzi. Inauliza mtu huyu amegharimu kiasi gani kufundishwa, na itagharimu kiasi gani kumpata na kumfundisha wa kuchukua nafasi yake. Ni fomu ya kawaida, nimejaza nyingi. Nikatoa bajeti ya JVC ili ninakili. Nikajumlisha: tiketi ya kwenda, tiketi ya kuja, kadi ya afya, cheti, kitanda, siku kumi na nne, mafuta, kuku. Jumla ilipokaa sawa nikatafuta kitu cha kuilinganisha nacho, kama nilivyozoea, na jicho likaangukia kwenye mstari mwekundu wenye sahihi yangu. Kumfukuza Hamida na kumfundisha mwingine kulikuwa ghali kuliko kuwapa mchana wote kumi na wawili kwa siku zote zile. Nilirudia hesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Lakini niseme kweli, sikusimama kwa ajili ya hesabu. Nilisimama kwa sababu rula ilikuwa bado mezani.

Nilimkuta Bi Zuwena anazungumza na fundi wa gesi. Nikangoja. Fundi alipoondoka nikamwekea karatasi mbele.

"Madam, mstari huu wa chakula niliukata mimi."

Aliusoma. "Si mie niliyokwambia upunguze?"

"Ulisema nipunguze. Hukusema wapi. Wale watoto hawali mchana. Ni karibu mwezi sasa. Asubuhi nilikuwa na nafasi ya kukwambia, nikanyamaza."

Nilitegemea ukali. Alipoanza kusema, alisema polepole, na kwa Kiunguja.

"Kwa hivyo watu wanashinda na njaa ndani ya mlango wangu, wanakaanga kuku kutwa, na mie napita nawauliza hamjambo." Akaikunja karatasi. "Umenitia aibu, Bi Moraa. Na wewe mwenyewe umejitia."

Nikasema ndiyo.

Akamwita Kiprono. Barua ikachanwa. Akamwambia aandike kwenye daftari kwamba kuku wa mazoezi walitolewa kwa ruhusa ya mwenye tawi, kuanzia siku ya mwanzo. Kiprono, kwa heshima zote, akasema kamera ina tarehe.

"Basi andika kwamba mie nimechelewa kuruhusu," akajibu Bi Zuwena. "Na katafute wali. Wa watu kumi na wawili. Leo, si kesho inshallah."

Nami hakuniacha hivi hivi. Aliiandikia kampuni kwamba tawi lake la pili wampelekee mkufunzi mwingine, na kampuni ikampelekea. Ilikuwa haki. Mstari wa chakula ukaandikwa upya kwenye jedwali mlilonalo, na mtaona ndio pekee wenye herufi nzito. Pembeni yake nimeandika kwamba haukatwi na mtu yeyote, hata mwenye jedwali.

Mchana ule nilikwenda mwenyewe kumwambia Hamida. Alikuwa kwenye sinki, anasugua trei ambazo tayari zilikuwa safi, kama mtu anayeiacha nyumba ya wenyewe katika hali nzuri. Nilimwambia kwamba haendi popote. Nikamwambia wali uko njiani na utakuwa unakuja kila siku. Kisha nikamwambia na lile gumu, kwamba aliyekata chakula chao alikuwa mimi, si madam. Nilitaka anikasirikie. Ningejua pa kuiweka hasira yake.

Alifunga bomba, akafuta mikono kwa aproni. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kukamilisha maelezo:

"Na wewe, madam, siku zote hizo ulikuwa unakula wapi?"

Chakula cha mkufunzi kiko mstari wa kumi na moja. Hakuna aliyeniambia niukate, nami sikuwa nimeuona. Nikamjibu ukweli. Nikasema nilikuwa nakula ofisini, saa saba, biriani ya kuletwa, na kwamba nilikuwa nafunga mlango ili harufu isiwasumbue.

"Tulikuwa tunaisikia, madam," akasema Hamida, akachukua trei akarudi kwenye kuku wake.